Peter wa Genesis, Wemba wa Lubefu, Remmy wa Kindu: maneno ya wimbo ni ya nani?



Mada ya mwezi huu ni muziki. Wanaotufuata wanajua kwamba Jumapili jioni tunakutanaka hapa Mbugangari, tunaweka spika ndogo ya blututhi juu ya meza, na kila mtu analeta wimbo mmoja. Sheria iko moja: ukileta wimbo, unaeleza maneno yake. Kama hauelewi maneno, tafuta mwenye kuelewa. Kusema "iko muzuri tu" haitoshi.

Mwaka huu sheria hiyo ilituletea kazi. Tumeombwa tuandae wimbo wetu wenyewe kwa ajili ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Melodia tunayo. Gitaa mbili tunazo. Tulichokosa ni maneno, na hata kabla ya maneno, lugha. Kinyarwanda, Kiswahili, Lingala, Kifaransa ao Kiingereza? Tulibishana Jumapili nne mfululizo, na ubishi ule ulipitia kwa watu watatu ambao hatukuwahi kudhani wanaweza kukaa meza moja: Mwingereza mmoja wa roki, Papa Wemba, na Remmy Ongala. Tunauandika hapa kwa sababu tunajua kuna vijana wengine wenye swali hili hili.

WIMBO WA DAKIKA 23

Wa kwanza kuchokoza alikuwa mdogo wetu anayejifunza gitaa. Alikuja na kundi linaitwa Genesis. Sisi tukafurahi, tukidhani ni kwaya, maana Genesis si ndiyo kitabu cha Mwanzo? Kumbe hata Uingereza watu walichanganyikiwa: albamu yao ya kwanza ya 1969 ilikuwa na jina la Biblia, na maduka mengine yaliiweka kwenye rafu ya nyimbo za dini. Lakini wale hawakuwa wanakwaya. Walikuwa wanafunzi waliokutana kwenye shule ya bweni ya Charterhouse, na muziki wao ni ule unaoitwa roki progresivu: roki inayokataa kukaa ndani ya dakika tatu, inayobadilisha mwendo katikati ya safari, inayochukua vinanda kama vya kanisani na kusimulia hadithi ndefu kama za bibi usiku.

Wimbo aliotuwekea unaitwa Supper's Ready, wa albamu Foxtrot ya 1972. Una sehemu saba na unachukua karibu dakika 23. Dakika ya tano mtu akauliza kama bado ni wimbo ule ule. Dakika ya kumi yaya wetu mkubwa, ambaye amekulia kwa rumba, akauliza kwa huzuni kabisa: "Lakini sebene inaingiaka saa ngapi?"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini ukifikiri vizuri, swali lile lilikuwa na akili. Rumba yetu pia ni muziki wa sehemu. Kwanza inakuja sehemu ya polepole, ya maneno, mtu analia juu ya mapenzi yake. Halafu mwendo unabadilika, maneno yanaachia njia, gitaa zinachukua kiti, watu wanasimama. Miaka ya 1970 nyimbo za Kinshasa zilitoka kwenye sahani ndogo za mizunguko 45, ambazo upande mmoja unabeba dakika chache tu. Njo maana kwenye sahani za zamani utakuta wimbo mmoja umeandikwa 1 na 2: unasikiliza maneno upande A, unasimama, unageuza sahani, unacheza sebene upande B. Huko London na huku Kinshasa tatizo lilikuwa moja, wimbo umekuwa mrefu kuliko sahani. Wao walihamia sahani kubwa. Sisi tuligeuza.

Yaya akaongeza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Albamu ambayo watu wengi wanaihesabu kuwa mwanzo wa roki progresivu, ya kwanza ya King Crimson, ilitoka Oktoba 1969. Zaïko Langa Langa ilizaliwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969. Miezi miwili na nusu tu kati yao. Zaïko nao walikuwa vijana. Waliacha tarumbeta na saksafoni za wazee, wakaweka mbele gitaa na ngoma kavu ya drama, ule mwendo wa kavasha ambao mpiga drama wao Meridjo Belobi aliufanya ujulikane, na inasimuliwa kwamba aliupata kwa kusikiliza mlio wa treni. Na mmoja wa waimbaji wa kwanza wa Zaïko alikuwa kijana aliyejiita Jules Presley, kwa sababu ya Elvis Presley. Kijana huyo baadaye dunia nzima ilimwita Papa Wemba.

Kwa hiyo yule anayesema roki ni kitu cha wazungu na rumba ni kitu chetu, na kati yao kuna ukuta, aende akamuulize Jules Presley.

MTU ANAPOANDIKA HADITHI YA MWENZAKE

Jumapili ya pili tuliingia kwenye maneno yenyewe. Mdogo wetu alileta albamu nyingine ya Genesis, The Lamb Lies Down on Broadway, ya 1974. Ni albamu ya sahani mbili, hadithi moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Karibu maneno yote aliyaandika mwimbaji wao, Peter Gabriel. Hadithi ni ya kijana anayeitwa Rael, mtu wa asili ya Puerto Rico anayeishi New York. Anashuka chini ya ardhi, anapotea kwenye njia na vyumba vya ajabu, na wakati wote anamtafuta ndugu yake John, ambaye kila mara anamkimbia. Mwishoni anamwokoa kwenye maji. Akimtazama usoni, anaona uso wake mwenyewe.

Waliosoma hapa Rwanda wanaelewa Kiingereza vizuri, wengine tulifuata kwa kutafsiriwa. Hadithi ilitugusa. Kumtafuta ndugu ambaye hakusubiri, hiyo hatuhitaji kamusi.

Lakini dada mmoja alinyoosha mkono. Swali lake: Mwingereza wa shule ya bweni anajua nini juu ya kijana wa Puerto Rico mitaani New York? Alimpata wapi huyo Rael? Nani alimtuma? Akaendelea, na hapa chumba kilinyamaza: "Sisi banatuandikaka kila siku. Ripoti, mradi, filamu ya dakika tano. Anayeandika hajalala hata usiku mmoja chini ya shitingi. Halafu kwenye picha tunachekaka."

Wengine walimtetea Gabriel. Walisema kuandika juu ya mwenzako ni kazi ya msanii, la sivyo kila mtu angeimba juu ya kioo chake tu. Hata bibi zetu walisimulia habari za sungura na hawakuwa sungura. Dada akajibu kwamba sungura hana mdomo wa kujisemea, Rael anao.

Hatukumaliza. Lakini tulikubaliana kitu kimoja kidogo, na tunaona kina faida: tofauti iko kwenye hatua inayofuata. Ukishaandika juu ya mtu, je, unampa nafasi aongee mwenyewe, ao unachukua hadithi na kufunga mlango? Kwa swali hilo ikabidi tufuatilie Gabriel alifanya nini baada ya Genesis.

DENI LA TAMASHA

Gabriel aliondoka Genesis mwaka 1975. Mwaka 1980 alitoa wimbo juu ya Steve Biko, kijana wa Afrika Kusini aliyekufa mikononi mwa polisi Septemba 1977. Angalieni jinsi ulivyojengwa: unaanza na kumalizika kwa sauti zilizorekodiwa za watu wanaoimba kwenye mazishi ya Biko. Yaani mlango wa kuingilia na wa kutokea amewaachia wenyewe. Yeye ameimba katikati.

Mwaka 1982 yeye na wenzake walianzisha tamasha la WOMAD huko Uingereza, ili wanamuziki wa nchi mbalimbali wapande jukwaa moja na watu wa roki. Wapiga ngoma wa Burundi, majirani zetu hawa, walikuwepo tamasha la kwanza kabisa. Muziki ulifana, hesabu ikakataa. Tamasha lilibaki na deni kubwa. Na waliokuja kumwokoa ni Genesis wenzake wa zamani: tarehe 2 Oktoba 1982 walikubali kurudi jukwaani pamoja naye huko Milton Keynes, usiku mmoja, kwa ajili ya kulipa madeni.

Hapo mdogo wetu wa gitaa alisimama kama mwanasheria. Alisema: mnauliza athari ya Genesis kwetu iko wapi? Iko hapa. Bila usiku ule, WOMAD ingeweza kufa. Na mwaka 1989 Gabriel na wenzake wa WOMAD walianzisha lebo ya Real World. Mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kutoa albamu pale, mwaka huo huo wa 1989, ni Remmy Ongala. Halafu Papa Wemba akatoa Le Voyageur mwaka 1992 na Emotion mwaka 1995. Ayub Ogada wa Kenya na nyatiti yake akatoa En Mana Kuoyo mwaka 1993. Mwaka huo wa 1993 Papa Wemba alizunguka na Gabriel kwenye ziara yake, akifungua jukwaa.

Kwa hiyo kutoka roki ya shule ya bweni mpaka mtoto wa Lubefu na mtoto wa Kindu, njia ilikuwa fupi kuliko tulivyofikiri.

LINGALA KWENYE MASIKIO YETU

Jumapili ya tatu yaya alileta Wemba, na hapo mambo yakawa magumu. Ugumu haukutoka kwa Wemba, ulitoka kwa Lingala.

Mtu wa mbali hawezi kuelewa bila kuelezwa. Sisi wa Mashariki tunaongea Kiswahili, na wengine wetu Kinyarwanda tangu kuzaliwa. Lingala ilikuja kwetu kwa njia mbili: kwenye redio, na mdomoni mwa mwenye bunduki. Tangu wakati wa Wabelgiji Lingala ndiyo imekuwa lugha ya jeshi. Njo maana mtoto wa kwetu anaweza kuimba nyimbo mia za Kinshasa kwenye harusi, halafu akisikia Lingala ile ile barabarani usiku moyo unaruka.

Dada yule yule akasema: "Mi Lingala siimbe." Akatueleza kwa kifupi kwa nini. Bariere, usiku, sauti, na kilichoombwa. Hatutayaandika hapa, ni yake. Alichosema kwa ajili ya wote ni hiki: wimbo wa tarehe 20 ukiwa na neno moja la Lingala, yeye atakaa chini na watu, hatapanda.

Yaya, anayempenda Wemba kuliko chakula, hakumkatalia. Alimweleza Wemba ni nani. Alizaliwa 1949 huko Lubefu, Sankuru, si Kinshasa. Ni Mtetela. Mama yake alikuwa mwombolezaji, mmoja wa wale mama wanaoitwa kwenye matanga kuimba kilio ili wafiwa wapate kulia. Wemba alikaa pembeni ya mama yake na ndipo alipopata ile sauti ya juu, inayopasuka kidogo. Lingala haikuwa lugha ya mama yake. Aliikuta mjini, akaivaa kama alivyovaa suti zake. Kwa hiyo ukisikiliza Wemba, maneno ni ya Kinshasa, lakini kilio ni cha kijijini.

Tukasikiliza kimya. Wimbo ulipokwisha, dada alisema: "Sauti naikubali. Lugha bado."

Tunaona jibu lile ni la haki. Mtu anaweza kukubali nusu. Kuna watu wanataka wakimbizi wasamehe kila kitu kwa wimbo mmoja, kama kwenye filamu. Sisi tumesema hapana, yeye ana haki ya kusubiri, hata kama ni miaka yote.

Kwenye mazungumzo hayo ukatokea ubishi wa pili, kama Real World ilimfaidi Wemba ao ilimbadilisha. Wapenzi wa rumba wanajua kwamba kwa miaka mingi aliishi maisha mawili ya muziki. Alikuwa na Viva la Musica, kundi aliloanzisha 1977, kwa ajili ya watu wa nyumbani, lenye sebene ndefu na majina ya watu yanarushwa. Na alikuwa na kundi lingine la kuzunguka Ulaya, lenye nyimbo fupi na sauti iliyopigwa pasi. Kwenye Emotion ameimba hata wimbo wa Otis Redding. Wengine wetu walisema amejiuza. Yaya alicheka: "Wewe mwenyewe uko na simu mbili, moja ya baba, moja ya marafiki." Na ni kweli. Sisi wote tunaongea namna moja ofisini kwa mashirika na namna nyingine Jumapili jioni. Kwa hilo hatuwezi kumhukumu Wemba. Alianguka jukwaani Abidjan, akafa, tarehe 24 Aprili 2016.

REMMY, MTU WA KINDU ALIYEKUWA KITUO CHA DALADALA

Jumapili ya nne ilikuwa ya Remmy, na tunakiri hapa kwamba vijana wengi hawamjui. Waliozaliwa baada ya 2000 wanamjua Innoss'B wa Goma na Diamond wa Tanzania. Remmy ni mzee wao wote wawili.

Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa 1947 Kindu. Leo Kindu iko Maniema, lakini zamani ilikuwa ndani ya Kivu, kwa hiyo tunamhesabu mtu wa kwetu. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kuungana na Orchestra Makassy, kundi la mjomba wake. Baadaye akawa kiongozi wa Matimila. Alikuja mgeni, Mkongomani katikati ya Wakongomani wengi waliokuwa wanatafuta maisha kwa gitaa Tanzania na Kenya. Baadhi yao waliendelea kuimba Lingala. Remmy akachagua Kiswahili.

Na hakuchagua Kiswahili cha maua. Muziki wake aliuita Ubongo, kwa sababu aliutaka uende kichwani kabla ya miguuni. Aliimba juu ya mnyonge. Aliimba juu ya kifo bila kukipamba. Ukimwi ulipokuja na watu wakaogopa hata kuutaja, yeye alitoa Mambo kwa Soksi, juu ya kondomu, redio ya serikali ikaukataa, lakini watu waliusikia vilevile. Kwenye albamu yake ya Real World kuna wimbo ambao jina lake peke yake lingetosha kuwa mada yetu ya mwezi: Muziki Asili Yake Wapi.

Sasa sikilizeni hii. Mtaani Sinza, Dar es Salaam, kuna kituo kinaitwa Sinza kwa Remmy. Kondakta wa daladala anakitaja, watu wanashuka, wengi wao hawajawahi kufikiri kwamba Remmy alikuwa mtu wa kuja. Mgeni amekuwa mahali. Alikufa Desemba 2010, na kituo bado kinaitwa hivyo.

Tulipofika hapo wengi walipiga makofi, wakasema basi, jibu limepatikana: Kiswahili, kama Remmy. Lakini kaka mmoja anayetoka pande za Masisi hakupiga makofi. Alisema Remmy alikuwa na bahati. Tanzania Kiswahili ni cha kila mtu, ukikiongea hakuna anayekuuliza baba yako alizikwa wapi. Halafu akasema neno ambalo tangu siku hiyo tumelibeba: "Kule walikuwa bananiita Munyarwanda. Huku naitwa Mukongomani. Wimbo wangu utaimbwa na nani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Yeye Kinyarwanda ni lugha ya mama yake, na kwa sababu ya lugha hiyo alifukuzwa. Wengine kati yetu, watoto wa Birere na Katindo, Kinyarwanda tulianza kukijifunza tulipovuka, na bado tunachekwa sokoni. Wimbo wa Kinyarwanda peke yake ungewafungia nje hao. Wimbo wa Kiswahili peke yake ungemwambia yule kaka kwamba hata katikati ya wakimbizi lugha ya mama yake ni ya kunong'ona.

TULICHOAMUA

Tuliamua hivi. Beti ziko kwa Kiswahili, Kiswahili chetu cha Goma, bila kukinyoosha. Hapa Gisenyi hakuna atakayepotea, mji huu umefanya biashara na Goma kwa Kiswahili tangu zamani, na tangu 2017 Kiswahili ni moja ya lugha rasmi za Rwanda. Kiitikio ni Kinyarwanda, na ameandika yule kaka wa Masisi mwenyewe, kila neno. Hakuna aliyemsahihisha. Tumejaribu kufuata lile tulilokubaliana Jumapili ya pili: mwenye hadithi ndiye anaongea.

Lingala haimo. Lakini katikati ya wimbo mwendo unabadilika, gitaa mbili zinaingia, inakuwa sebene kabisa, na mtu yeyote atasikia Kinshasa pale bila neno hata moja. Dada alisikiliza mazoezi, akasema hiyo anaiweza. Anapanda.

Jambo la mwisho lilikuwa mabanga. Mnajua kwenye sebene mwimbaji anarusha majina ya watu, wakubwa, matajiri, wapenzi, na wengi wanalipia ili watajwe. Kwa Lingala mabanga ni mawe, na Goma tuna kartie inaitwa hivyo hivyo, kwenye mji ambao chini yake ni mawe ya Nyiragongo. Tulitaka kurusha majina ya wale ambao hawakuvuka: ndugu waliobaki, rafiki ambao simu zao haziiti tena. Kila mmoja alikuja na karatasi. Orodha ilikuwa ndefu kuliko wimbo.

Halafu mama wa mmoja wetu, aliyekuwa anatuletea chai, alisoma karatasi zile na kutuuliza swali la mtu mzima: "Wanangu, mtu akirekodi kwa simu, na hayo majina yakifika huko, mnajua yatasikilizwa na nani?"

Tukazikunja karatasi. Badala ya watu tutarusha mahali: Birere, Katindo, Himbi, Ndosho, Mabanga, Majengo, Sake, Kitshanga, Masisi, Rutshuru, Bunagana. Kila aliyeko hapo atajua ni nani anatajwa ndani ya jina la mahali pake. Genesis walificha watu ndani ya hadithi za ajabu kwa sababu walipenda mafumbo. Sisi tumeficha kwa sababu hatuna njia nyingine, lakini ufundi ni ule ule, na tumegundua kwamba fumbo linaweza kubeba mzigo mzito kuliko jina.

Wimbo haujaisha. Sasa hivi una dakika tisa na waliotualika wamesema tuna dakika tano. Yaya anataka tukate beti, mdogo wetu wa gitaa anasema Genesis wasingekata. Jumapili hii tutapiga kura.

Wanaotaka kusikiliza kabla ya siku hiyo: anzeni na Songs for the Poor Man ya Remmy, halafu Emotion ya Wemba, halafu, kama mna dakika 23 na chai ya kutosha, Supper's Ready. Na kama kuna yaya ao shangazi mahali popote anayeelewa Lingala ya zamani, ile ya nyimbo za Zaïko za miaka ya 1970, tunamwomba atuandikie. Tuna sahani tano ambazo tunazipenda na hatujui zinasema nini, na kwa sheria yetu hatuwezi kuziweka mezani mpaka mtu aeleze.

Tukutane tarehe 20.